"Madaraka ya nyumbani" katika 1 Timotheo 5:14: Kigiriki kinasemaje?

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mjane, nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Kwenye ibada ya nyumbani mzee wetu alisoma 1 Timotheo 5:14, "wawe na madaraka ya nyumbani", akasema kwa Kigiriki ni kupika na kufua, mambo ya fedha nimwachie shemeji. Ni kweli?

JIBU: Asifiwe milele, mama, na pole sana kwa kuondokewa. Si kweli. Neno lililopo pale ni oikodespoteo. Oikos ni nyumba, despotes ni bwana mwenye amri. Simeoni anapomwomba Mungu ruhusa ya kwenda kwa amani katika Luka 2:29, "Bwana" anayemtaja ni despotes.

Lakini tusiishie kwenye kupasua neno vipande. Mwanamaji si mtoto wa maji. Tuangalie linavyotumika. Kitenzi hiki kimo mara 1 tu katika Agano Jipya. Nomino yake, oikodespotes, imo mara 12, na zote ziko katika Mathayo, Marko na Luka. Ndiye yule "mwenye nyumba" wa Mathayo 20, aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua wa shamba la mizabibu, akapatana nao dinari kwa siku, na jioni akaamua kila mmoja alipwe nini. Fedha ilikuwa mkononi mwake. Mtume anapotafuta neno la kazi ya mama huyu, anachukua la ukoo huohuo.

Tena nyumba ya wakati ule haikuwa vyumba na jiko tu. Ilikuwa na watoto, watumwa, ghala la nafaka na mafuta, mara nyingi na karakana. Wewe unayejua magunia mangapi yameshuka kutoka Ukerewe, nani anadaiwa, na ipi ni ada ya watoto isiyoguswa, unaifahamu kazi hiyo kuliko mimi niliyeisoma vitabuni.

Nadhani mzee amechanganya na Tito 2:5, "kufanya kazi nyumbani mwao". Pale neno ni oikourgos, nalo kweli ni la kazi za nyumbani. Ni waraka mwingine na neno lingine. Waliotafsiri Biblia yetu walipoandika "madaraka" kwa Timotheo na "kazi" kwa Tito, walipima vizuri, nami nawaheshimu kwa hilo.

Aya yenyewe inawahimiza wajane vijana waolewe. Aya ya 13 inalalamikia kuzunguka nyumba kwa nyumba bila shughuli. Haigusi mirathi hata kidogo. Mali ya marehemu ina sheria yake na mahakama yake, na huko ndiko shemeji apeleke hoja zake kama anazo. Mwombe mzee mzisome tena Timotheo na Tito pamoja, kwa upole, Biblia zikiwa wazi mezani.