"Tundu la milimita 8": kipenyo au kina?

SWALI: Nina karakana ndogo hapa Katuba, Lubumbashi. Jioni nafundisha vijana kujenga injini ndogo za mfano zinazoendeshwa kwa mvuke. Michoro tuliyo nayo ni ya Kifaransa, lakini maelezo nawapa kwa Kiswahili. Kwenye kipande kinachoshika ncha ya mhimili paliandikwa Ø8, na pembeni 12. Nikamwambia kijana, "Toboa kitundu ya milimetri munane." Akatumia meshi (ncha ya kutobolea) ya 6 iliyokuwa tayari kwenye mashine, akasimama alipofika milimita 8 ndani. Yeye anasema nilitaja kina, mimi nasema nilitaja upana wa kitundu. Nani amekosea Kiswahili? Tena, zile namba za kuzidi na kupungua tuziite "uvumilivu", kama nilivyosikia mtu akisema?

JIBU: Papa, wewe ulisema sawa na kijana alielewa sawa. Sentensi yenyewe ndiyo yenye milango miwili, na kinachoufungua ule wa pili ni kineno kidogo *la* (au *ya*, kama tunavyosema hapa Lubumbashi karibu kwa kila jina). Kineno hicho huunganisha kitu na kipimo, basi. Hakisemi ni kipimo cha upande gani. Ukisema *waya wa milimita 2* hakuna atakayeuliza, kwa sababu urefu wa waya tunautaja kwa mita. Milimita ni za unene. *Bati la milimita 1*, vilevile. Mazoea yamekwisha kujaza pengo. Tundu la kwenye mchoro halina mazoea hayo: lina kipenyo, lina kina, na vyote viwili huandikwa kwa milimita.

Kwa hiyo tumia *-enye*, kisha taja jina la kipimo kabla ya namba: *tundu lenye kipenyo cha milimita 8 na kina cha milimita 12*. Ni ndefu kuliko uliyozoea, najua, lakini chuma kikishaliwa hakirudi. Alama ya Ø isomeni "kipenyo" kila mara, kwa sauti, msiiruke. R nayo ni nusukipenyo: anayetajiwa "nane" tupu wakati mchoro unasema R8 atatengeneza duara la nusu ya ukubwa unaotakiwa.

Wala usitegemee upatanisho wa sarufi ukuokoe. *Urefu*, *upana* na *unene* vyote huchukua u-. *Kipenyo*, *kina* na *kimo* vyote huchukua ki-. Ukisema "kisizidi 12" bila kutaja jina, msikilizaji ana vitu vitatu vya kuchagua, na atachagua kilicho karibu na mkono wake.

Sasa nije kwenye kitenzi chako, maana hapo pana jambo ninalolijali zaidi. *Kutoboa*, kwa asili, ni kupenya hadi upande wa pili. Sikio hutobolewa, siri hutobolewa ikatoka nje. *Tundu* nalo, kama lile la sindano, huonyesha mwanga upande wa pili. *Shimo* lina sakafu. Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya huchanganywa bila madhara, lakini mchoro wa injini una yote mawili, tena jirani kabisa: kifuniko cha silinda kina matundu ya bolti, nayo yanapenya; mwili wa silinda, chini yake, una mashimo yasiyopenya, ambamo hesi (mikato inayozunguka) za bolti hizo hushika. Fundi akilipenyeza shimo la namna hiyo hadi ndani ya silinda, mvuke utatorokea hapo. Ningependa sana karakana yenu ishike tofauti hii. Kipande chako, kwa kuwa mchoro ulitaja kina cha 12 tu, kilihitaji shimo. Amri ingekuwa: *Tia shimo lenye kipenyo cha milimita 8 na kina cha milimita 12, lisipenye.*

Hapo hapo kwenye mashimo ya bolti, mkikuta M3, msiseme "shimo la milimita 3". M3 hutaja kipenyo cha bolti itakayoingia. Kwa hesi za kawaida za M3 shimo huanzwa kwa meshi ya 2,5, kisha hesi hukatwa. Semeni *shimo lenye hesi za M3*. Na palipoandikwa 4 × Ø3, alama ile ya katikati isisomwe "mara", maana nne mara tatu ni kumi na mbili na kijana atatafuta meshi ya 12. Ni *matundu manne, kila moja lenye kipenyo cha milimita 3*.

*Uvumilivu*, hapana. Uvumilivu ni wa mwenye moyo: mgonjwa, mzazi, msafiri. Mkihitaji jina, *kiasi kinachoruhusiwa* kinatosha, ila kazini hamhitaji hata jina, kwa kuwa Kiswahili kina *-zidi* na *-pungua*. Chukueni Ø8 H7. Herufi kubwa huhusu tundu au shimo, na kwa kipenyo cha 8 alama hiyo huruhusu kuanzia 8 kamili hadi 8,015. Semeni: *kipenyo kisipungue milimita 8, kisizidi milimita 8,015.* Herufi ndogo ni ya mhimili unaoingia humo. Ukiwa h6: *kipenyo kisizidi milimita 8, kisipungue milimita 7,991.* Zisomeni hizo mbili mfululizo mbele ya vijana. Watatambua wenyewe kwamba mhimili hautazidi tundu hata siku moja, bila ninyi kueleza lolote.

Tarakimu baada ya mkato (wengi wetu husema *virgule*) zitajwe moja moja: nane, mkato, sifuri, moja, tano. Mkisema "kumi na tano", sifuri humezwa, na kijana ataandika 8,15. Siku mtakapopata mchoro wa zamani wa Uingereza mtakuta nukta mahali pa mkato, na vipimo vya inchi. 1.250 humo si elfu moja mia mbili hamsini. Isomeni *inchi moja nukta mbili tano sifuri*, ndipo mzidishe kwa 25,4: milimita 31,75.