Barua Zenu: Wasanii waje lini kwenye utafiti?

SWALI: Hujambo Mwalimu. Nasomea shahada ya uzamili hapa Kisumu. Nachunguza jinsi wachuuzi wa makabila mbalimbali wanavyofanya biashara pamoja sokoni Kibuye. Msimamizi wangu anataka niwashirikishe wasanii. Nimepanga kualika kikundi cha isukuti, ngoma ya Waluhya, kitumbuize siku ya kutoa matokeo, na mchoraji atengeneze jalada la ripoti. Je, inatosha? Na kwenye bajeti niwaandike kama nani?
Mwanafunzi, Kondele

JIBU: Haitoshi, kijana wangu, na nadhani ulishajua ndiyo maana ukaandika. Umewaalika wasanii kula, ilhali haja yako ni wapike.

Nilifundisha maigizo shuleni miaka mingi. Likizo moja nilichukua kibarua cha kubeba hojaji, karatasi za maswali ya utafiti, katika soko moja la mjini (si Kibuye, na jina lake nitalimeza). Swali la saba liliuliza: umewahi kubaguliwa na mchuuzi wa kabila lingine? Hapana. Hapana. Hapana. Mama mmoja wa omena alinitazama kwa huruma: “Mwalimu, andika hapana, nina wateja.”

Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri jua likiwa limewafukuza wanunuzi, nilirudi na vijana wawili niliowahi kuwafundisha. Mmoja akawa mgeni kutoka Vihiga anayetafuta mahali pa kuuzia ndizi. Mwenzake akajifunga leso, akawa mama Mjaluo mwenye meza. Nilimwambia akosee kwa makusudi. Basi akamfukuza mgeni kwa matusi na kelele, mikono kiunoni.

Wanawake walicheka hadi mmoja akamwaga nyanya. Kisha wakakasirika. “Nani hukataza mtu hivyo? Unaambiwa nafasi ipo, njoo kesho. Ukija kesho, unaambiwa mwenye ufunguo amesafiri.” Mama mwingine, Mmaragoli, akainuka, akamsukuma kijana wangu kando, akaigiza mwenyewe hiyo “kesho”, kwa sauti tamu kabisa, na pale hapakuwa na aliyecheka. Nikamuuliza, sasa hiyo kesho huisha lini? Akajibu kama mtu anayeeleza jambo la kila siku: ukishachanga matanga ya mwenzenu. Kumbe lilikuwepo daftari la michango ya matanga, na jina lako likiingia humo, meza inapatikana, uwe wa kabila gani. Hojaji yetu ilikuwa na maswali arobaini, na hakuna hata moja lililogusa msiba.

Ndiyo kazi ya msanii unayoihitaji. Mtu atakunyima jibu bila wasiwasi, lakini kuona maisha yake yakiigizwa ovyo hawezi kuvumilia. Wala si uganga wangu. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili, aliwaruhusu watazamaji wasimamishe mchezo na kuingia jukwaani kuurekebisha. Na hapa kwetu, Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipopeleka mchezo kijijini, wakulima na wafanyakazi waliwasahihisha: mzee hazungumzi hivyo, wimbo huo hauimbwi hivyo. Serikali ikaufunga mwaka huohuo. Hojaji sijasikia ikifungwa.

Ila usiandike yaliyotoka mchezoni kana kwamba umeyahesabu. Mchezo hutia chumvi. Sisi tulirudi na hojaji mpya, yenye swali la “kesho” na la daftari, na mama wa omena akajibu yote mawili. Tena jihadhari usimfananishe mtu: kijana wangu alimwiga kiongozi mmoja mpaka kikohozi, habari zikamfikia, na wiki nzima hatukukanyaga pale.

Isukuti nayo usiiache, ihamishe tu. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na mbele yupo kiongozi wa nyimbo. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mpe kiongozi huyo matokeo yako yakiwa mabichi, ayaimbe sokoni. Andika pale watu wasipoitikia.

Bajeti: watafiti wasaidizi. Malipo ya siku sawa na makarani wa hojaji, siku za mazoezi zikiwemo, na majina yao ndani ya ripoti. Mchoraji wa jalada mwite wiki ya kwanza.

SWALI: Mwalimu, baba yangu, marehemu, alikuwa mpigaji nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Mtafiti alimrekodi, akaahidi nakala, hatukumwona tena. Sasa amekuja mwingine, anataka mimi nimpigie zilezile. Nimwambie nini?
Mwana wa mpigaji, Siaya

JIBU: Mwambie akuonyeshe kwanza kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Nyimbo alizotunga baba mwenyewe zina hakimiliki, nayo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo zungumzeni nyumbani nani anatia sahihi. Zile za jadi, za jamii nzima, zinalindwa na sheria ya mwaka 2016 ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni: ridhaa hutangulia, kirekodi hufuata. Makubaliano yaandikwe kwa lugha mnayoielewa, Dholuo ikibidi, yakitaja nani atasikiliza na nani atauza.

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis hapa Kenya mwaka 1950. Sauti zile zikakaa katika maktaba ya muziki Afrika Kusini, zikarudi kwa wenyewe zaidi ya miaka 60 baadaye. Wewe dai nakala kwenye simu yako kabla mgeni hajapanda boda.