Habari za tabianchi zilikuwa zinaninyima usingizi, nikabadilisha zinakotokea

Kuna kipindi nilikuwa silali bila kushika simu, na nikishaishika ndo kabisa silali. Inaanza na klipu moja ya barafu inamomonyokea baharini, unaitazama mpaka mwisho, basi algoritimu inajua huyu nimempata, inakuletea msitu unaungua, inakuletea mafuriko, halafu anakuja jamaa kakutolea macho anakwambia tumeshachelewa, na hapo ni saa nane usiku uko gizani moyo unakwenda mbio.

Nilidhani ni uoga wangu tu. Baadaye nikakutana na utafiti wa 2021 kwenye jarida la Lancet Planetary Health, waliwahoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, asilimia 59 wakasema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi. Kwa hiyo kama na wewe unakosa usingizi, tuko wengi.

Kilichonishtua ni ile "imebaki miaka 12". Mnaikumbuka? Ilisambaa kila mahali, na mimi nikakaa kabisa nikapiga hesabu nitakuwa na umri gani dunia ikiisha (usicheke). Siku moja nikaamua kutafuta imetoka wapi, kumbe mzizi wake ni ripoti ya IPCC, lile jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, ya Oktoba 2018. Ilichosema ni kwamba tukitaka joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya viwanda, hewa ukaa tunayotoa ishuke kwa karibu asilimia 45 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2010, na ifike sifuri halisi, yaani tunayotoa isizidi inayoondolewa angani, mnamo 2050 hivi. Hamna sehemu imeandikwa dunia inaisha. Ni habari nzito, sikatai, ila uzito wake una kipimo, na kitu chenye kipimo mi naweza kulala nacho chumba kimoja.

Basi nikajiwekea utaratibu. Habari za mazingira nasoma mchana, nimekaa kwenye kiti, mara moja kwa wiki, na naanzia kwa waliopima: IPCC, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, au mwandishi anayetaja ripoti kwa jina ili nikaifungue mwenyewe. Notifikesheni nimezima. Klipu ikinifikia nauliza ni wapi, lini, nani kapima, maana nimeshaumbuka: wakati wa ile mioto ya Australia ya 2019 na 2020 nilishea picha ya bara zima linawaka nikidhani imepigwa na satelaiti, kumbe mtu kaitengeneza kwa kompyuta, kakusanya data za moto za karibu mwezi mzima kaziweka pamoja kama vile mioto yote inawaka usiku mmoja. Mioto yenyewe ilikuwa kweli tena mibaya, ila ile picha haikuwa picha.

Sasa usinielewe vibaya, sijahamia kwa wale wa "hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani, tulieni". Hao nao nimewaanfolo. Na kwenye chanzo hukutani na faraja tu, mwaka 2024 ulivuka nyuzi 1.5 juu ya wastani wa kabla ya viwanda, na niliposoma hiyo tumbo lilinikata, ila hapohapo nikasoma kwamba lengo la Paris, yale makubaliano ya nchi za dunia ya kuzuia joto lisizidi, linapimwa kwa wastani wa miaka mingi, sio mwaka mmoja. Kwenye klipu hicho kipande cha pili huwa hakipo. Kama ambavyo sijawahi kuletewa klipu ya ozoni, lile tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, wakati tangu Itifaki ya Montreal ya 1987, makubaliano ya kuachana na kemikali zinazoliharibu, linapona polepole.

Kuna rafiki yangu bado ananitumia vidio za mwisho wa dunia usiku wa manane. Namjibu asubuhi, "umeitoa wapi?" Mara nyingi ananiachia tiki mbili za bluu.