Maswali ya wasomaji: onyesho la ufukweni na magofu ya Kaole

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu wanne hapa Bagamoyo, tumekubaliwa kwenye tamasha la sanaa ya utendaji. Onyesho letu la dakika 40 halina maneno: mmoja anaburuta wavu mchangani kuelekea baharini, watatu wanamvuta arudi. Tumepangiwa saa 12 jioni, siku ya mwezi mpevu. Tuangalie nini?

JIBU: Angalieni maji kabla ya kitu kingine. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kutoka mbali, na bamvua la pwani hii hujaa mnamo saa 10 jioni, likapwa kati ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku. Saa 12 jioni maji yatakuwa yametoka robo tu, na ule mchanga mpana mliofanyia mazoezi asubuhi bado umefunikwa. Kusogeza tarehe hakusaidii sana. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo yatapwa wakati wa magharibi baada ya siku tisa hivi, lakini hayo ni maji mafu, hayatoki mbali.

Ombeni saa 4 usiku siku ileile. Mchanga utakuwa wazi, mwezi uko juu, na taa mbili ndogo za pembeni zinatosha. Hasara yake ni kwamba kamera ya simu haitaona kitu. Video ya kumbukumbu ipigeni kwenye mazoezi ya mchana. Saa kamili zitazameni kwenye jedwali la kupwa na kujaa, kisha waulizeni wavuvi pale soko la samaki.

Wavu nao unadanganya. Ukiwa mkavu uani ni mwepesi. Ukilowa na kujaa mchanga, aliyeuburuta bila shida wiki nzima anachoka dakika ya kumi. Fanyeni mazoezi na wavu uliolowa, ondoeni chubwi zote (vile vizito vya kuuzamisha), na asiufunge mtu kiunoni: wimbi likiingia ndani yake humvuta kama tanga. Ushikwe kwa mikono, uachiwe ikibidi. Mtu wa tano asiye mtendaji asimame karibu, akiwa na kisu cha kuukata wavu ikibidi. Njia ya kupita ipitiwe mapema kutoa vigae vya chupa.

Kama kuna jenereta, iwekeni upande ambako upepo unaelekea, watazamaji wakiwa upande unakotoka, la sivyo itameza sauti ya mawimbi ambayo ndiyo muziki wenu. Watoto watakuja mbele, watauliza na kucheka. Msiwafukuze, mpeni mtu mmoja kazi ya kukaa nao.

SWALI: Je, tunaweza kutundika vitambaa kwenye kuta za magofu ya Kaole?

JIBU: Kwenye kuta, hapana. Ni mawe ya matumbawe na chokaa: msumari hubomoa kipande, gundi huondoka na chokaa, na nta ya mshumaa hunywewa na jiwe, haitoki. Simamisheni fremu yenu ya mianzi, kila mguu ukandamizwe na mfuko wa mchanga wa kilo 20. Kibali cha wanaosimamia malikale kiombwe mapema, maana hati ya tamasha peke yake haifungui geti. Na mkumbuke mnaingia penye msikiti na makaburi. Kuna kazi nzuri tu ambazo hazifai kufanyiwa pale.