Nguo Hukatwa kwa Mwili

Mwanangu Nekesa,

Ujumbe wako niliusoma Jumanne hapa kibandani, pini mdomoni, karibu nizimeze. Usiku nikausoma tena. Kumbe daktari amekuwekea mezani vipandikizi viwili vya matiti vya silikoni, cha 275 na cha 375, wewe moyo uko kwa kile kikubwa, na unataka mamako fundi wa nguo akwambie kipi kitakukaa. Kukhu yako, mamangu, angezirai. Lakini umeuliza.

Mimi nilidhani hizo namba ni kama za sidiria. Ndugu yako Wafula akanieleza ni mililita, na kwamba mililita moja ya silikoni ni karibu gramu moja. Basi 375 mara mbili ni robo tatu ya kilo! Nikamwomba mwenye duka anipimie mchele, gramu 375 huku na 375 huku, nikautia kwenye soksi za shule alizoacha Wafula, nikavaa ndani ya sidiria. Nikafagia, nikaanika nguo, nikaketi kwenye cherehani. Kufikia saa saba shingo inaniuma na mguu wa cherehani siuoni mpaka niiname. Nikapunguza hadi 275, siku ikaisha salama. Lakini mimi kifua changu ni chembamba, wewe una mabega ya babako. Kiasi kilekile kwenye kifua kipana kinapotea, kwenye chembamba kinasukumana hadi kwapani. Ndiyo maana nasema kila siku: nguo hukatwa kwa mwili, haikatwi kwa picha. Huyo dada wa kwenye picha uliyonitumia, upana wa kifua chake unaujua?

Na tukitaja picha, unaijua ile ya harusi ya mamako mdogo, Kakamega, 1993, ambayo mmeicheka tangu mkiwa wadogo kwa sababu nimefungwa leso juu ya gauni zuri. Siku zote nimewaambia nilisikia baridi. Haikuwa baridi. Nilikuwa na miaka 21, na kijana mmoja wa kwaya alikuwa ameniita ubao mbele ya wenzake. Nikakata sponji kwenye pembe ya godoro la kukhu yako, vipande viwili vya mviringo, nikavishonea ndani ya gauni la samawati. Asubuhi nilitembea kama malkia, sikudanganyi. Hata sasa nikikumbuka ile asubuhi natabasamu peke yangu. Saa tisa, mvua ya Kakamega, unaijua haikosi miadi. Sponji inakunywa maji, Nekesa. Kipande cha kushoto kilishuka hadi tumboni, maji yananitiririka mbele ya wazee, na yule kijana yuko pale na mwamvuli wake. Kukhu yako hakusema neno. Alifungua leso kiunoni mwake, akanizungushia kifuani, akafunga fundo nyuma. Hakuwahi kuuliza godoro lilikatwa na nani.

Sasa sisemi kwamba chako ni sponji. Chako kitashonwa na daktari, na pesa ni zako. Na pia siwezi kujifanya sikuelewi, mimi niliyekata godoro. Lakini umeandika kwamba tangu kuwanyonyesha pacha matiti yamebaki kama mifuko mitupu. Hapo ndipo fundi anauliza: gauni limepwaya kwa sababu halina kitu ndani, au kitambaa kimelegea? Kujaza na kuinua ni kazi mbili. Kipandikizi kinajaza, lakini chuchu iliyoshuka sana hakiinui, na ngozi iliyokwisha kuvutika ukiibebesha uzito mkubwa itazidi kushuka. Kuinua ni upasuaji wake na makovu yake. Muulize hilo kabla ya 275 au 375. Mwambie apime upana wa titi na ngozi inavyovutika, uone akiandika.

Zile karatasi ulizonitumia nimezisoma zote. Zinasema vipandikizi havidumu maisha yote, huenda siku moja ukarudi kwenye meza ya upasuaji. Zinasema umbo la kweli utaliona baada ya miezi kadhaa uvimbe ukishaisha, kwa hivyo usilie wiki ya pili. Na kwamba hutabeba kitu kizito kwa wiki kadhaa. Pacha ni wazito. Nitakuja, niambie tarehe mapema nisipokee nguo za harusi.

Namba sitakupa. Ni mwili wako, si kazi ya mzazi. (Ingekuwa mimi, ile ndogo. Hukusikia kwangu.)

Ule mchele tuliula jana na Wafula. Sikumwambia ulikuwa wapi.

Mamako