Dakika ishirini bila ngoma: namna ya kusikiliza rekodi za sitar na sarod

Mkuu, umeuliza kwa nini rekodi za klasiki ya India zinakaa dakika ishirini bila ngoma, na sitar na sarod, vyombo viwili vya nyuzi, unazitofautishaje kwa sikio tu.

Kwanza achana na spika ya simu. Besi ya bayan (ile ya kushoto kati ya ngoma mbili za tabla) na mvumo wa tanpura havitoki humo. Vaa hedifoni, hata za bei poa.

Tanpura ndiyo inayovuma nyuma mwanzo mpaka mwisho. Ina nyuzi 4, mara nyingi zimekazwa Pa, Sa, Sa na Sa ya chini (noti zao ni Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni). Juu ya daraja, chini ya kila uzi, hupenyezwa kipande cha uzi wa pamba. Sogeza kidogo tu na ule mlio wa nyuki unafunguka au unakufa. Funga mdomo, guna nayo mpaka sauti yako ipotelee ndani yake. Umeshaipata Sa, na noti zote zinapimwa kutoka hapo.

Zile dakika bila ngoma ni alap. Usihesabu, hakuna cha kuhesabu. Mpigaji anaifungua raga (noti zilizochaguliwa na namna ya kuzipita) noti moja moja. Chukua raga ya Yaman: Ma yake imepandishwa, na akipanda mara nyingi anaruka Sa na Pa, yaani Ni Re Ga, kisha Ma Dha Ni. Angalia anavyorudi kutua kwenye Ga. Baadaye mwendo unaanza kusikika (jor), kisha nyuzi za pembeni zinachapwa kwa kasi (jhala). Tabla ikiingia, hiyo ni gat, sehemu yenye mapigo ya kuhesabu.

Hapo sasa hesabu. Tala (mzunguko wa mapigo) ya kawaida ni Tintal, mapigo 16. Piga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13. La 9 geuza kiganja tu. Ukipotea, fuata besi: kwenye mpangilio wa msingi wa tabla inakatika pigo la 10 hadi la 13, inarudi la 14, na mapigo matatu baadaye uko kwenye sam, yaani la 1. Wengi wanakwama kwa sababu wameanzia vilambit, ambayo ni ya polepole mno. Anzia drut, ya haraka. Na kama 16 haikai kabisa, jaribu 10 (Jhaptal) au 7 (Rupak).

Sitar ina vyuma vilivyopinda shingoni. Mpigaji anavuta uzi kwa pembeni juu ya chuma hicho hicho, sauti inapanda bila kukatika, na nyuzi za chini zisizoguswa zinaitikia. Inapigwa kwa mizrab, waya uliovaliwa kidole cha shahada. Sarod haina vyuma hivyo: shingo ni bamba la chuma, uso ni ngozi, kucha inateleza juu ya uzi, na cha kupigia ni kipande cha kifuu cha nazi. Mlio wake ni mzito, mkavu, unazima mapema. Aliyezoea gambusi, nalo uso wake ni ngozi na shingo haina vyuma, ataishika sarod haraka.

Kwa sarod tafuta santuri ya Ali Akbar Khan ya 1955, raga mbili, mpiga fidla Yehudi Menuhin akitoa utangulizi. Kwa sitar weka Ravi Shankar kando ya Vilayat Khan: wa kwanza ana nyuzi nene za besi, wa pili aliziondoa ili sitar iimbe kama koo la mtu. Rekodi za zamani, kama za mwimbaji Gauhar Jaan wa Calcutta mwaka 1902, zihifadhi kwa baadaye. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 3, alap haikuwa na pa kukaa.

Ukikuta fidla na mridangam (ngoma ya pande mbili), hiyo ni Karnatiki, klasiki ya kusini mwa India, ina mpangilio wake.

Halafu, kukaza nyuzi siyo alap. New York mwaka 1971, kwenye tamasha la kuichangia Bangladesh, watu walipiga makofi Ravi Shankar na wenzake walipomaliza kukaza nyuzi tu. Kama unasikia noti ile ile inarudiwa huku ikipanda na kushuka kidogo kidogo, bado hawajaanza.