Hujapandikiza, umechomeka

Swali: Nimekata chipukizi la mnyanya nikalitia udongoni ili litoe mizizi. Jirani anasema nimepandikiza. Mimi nasema nimepanda. Nani yuko sahihi?

Jibu: Jirani amekosea, nawe umeponea chupuchupu. Panda ni neno pana mno: mahindi tunapanda, mlima tunapanda.

Ugomvi wangu ni na pandikiza. Limenyambuliwa kutokana na panda hilohilo, na bustanini kazi yake kuu ni kuhamisha mche wenye mizizi yake kutoka kitaluni hadi mahali utakapokaa. Siku hizi limegeuzwa kitenzi cha kila kazi, ndipo tunapata maelekezo ya aina hii: “Kata tawi, lipandikize, baada ya wiki mbili pandikiza.” Lipi ni lipi? Msomaji mtiifu hulichukua chipukizi bichi, lisilo na hata unywele wa mzizi, akalipeleka moja kwa moja tutani juani, maana ndiko miche inakopandikizwa. Majani yanapoteza maji, chini hakuna mzizi wa kuyafidia, na kufika jioni limelala. Akidhani ni kiu, analimwagia maji asubuhi na jioni mpaka shina linaoza. Limeuawa na kitenzi.

Na chipukizi lenyewe wanaliita pandikizi! Pandikizi la mtu ni jitu la miraba minne. Hili lako lina sentimita 12.

Wakulima wa mihogo na viazi vitamu hawana shida hii. Pingili huchomekwa, marando huchomekwa. Nawe chomeka: kata chipukizi la sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya fundo (pale jani linapochomoza kwenye shina), ondoa maua na majani ya chini, fukia angalau fundo moja kwenye udongo mnyevu usiotuamisha maji, kisha weka kivulini. Hapo unaotesha mizizi. Baada ya siku 10 hadi 14 livute taratibu kwa vidole. Likigoma kutoka, limeshika. Sasa pandikiza, na umwite jirani aje ashuhudie neno lake likipata kazi.

Neno kipandikizi, yaani kipande kilichokatwa ili kioteshwe, sitalifukuza, limeshazoeleka. Ila kile kichwa cha karoti kinachowekwa kwenye kisahani cha maji, eti “nimepandikiza karoti”, kitatoa majani tu. Karoti yenyewe ni mzizi, nao ulishaliwa.